Kichupa kitupu

Siku ya kwanza nimekabidhiwa kichupa cha intaleukini-2 nilijua tumepigwa. Mzigo ulikuwa umekaa uwanja wa ndege siku tisa kwa ajili ya karatasi, tumepiga simu mpaka vocha zimeisha, mwisho wa siku ukafika, boksi kubwa kama la televisheni, ndani kuna maboya meupe, ndani ya maboya kuna boksi dogo, ndani ya boksi dogo kuna mfuko, ndani ya mfuko kuna kichupa saizi ya kidole gumba, na ndani ya kichupa hamna kitu. Nikakiinua kwenye taa, nikakigeuza, nikakitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi. Kimya. Nikamfata yule mama mkubwa wa maabara, sisi wote tunamwita Bi Mkubwa na jina lenyewe amelipokea, nikamwambia shikamoo Bi Mkubwa, hawa watu wametutumia chupa tupu. Akaitikia marahaba, akachukua kichupa, akaangalia lebo, akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, hii ni maikrogramu hamsini. We ulitaka uone nini, sembe?"

Maikrogramu 50 ni kama uzito wa punje moja ya chumvi ya mezani. Punje moja! Afu hiyo punje wameikausha kwa baridi mpaka imebaki kama ukungu uliojipaka kwenye kuta za kioo, kwaiyo ni kweli huoni kitu, na kama una haraka ukafungua kifuniko bila kukipitisha kwanza kwenye senta, ile mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi, ili kila kitu kishuke chini, nusu ya mali inaondoka na kifuniko na wala hutojua. Bi Mkubwa alinionesha siku ile ile. Chupa kwanza kwenye senta, dakika moja, ndo mambo mengine yafuate. Mi mpaka leo nikiona mtu anafungua kichupa cha protini kavu moja kwa moja nasikia tumbo linakata.

Sasa hii intaleukini-2, kwa kifupi IL-2, ni kitu gani. Ni protini ndogo tu, amino asidi 133, uzito wake kama Dalton 15,500 hivi, Dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli, ukilinganisha na kingamwili ya kawaida ambayo inafika kama 150,000 basi huyu ni mtoto. Ila kazi yake bwana! Seli T, hawa ni askari wa kinga ndani ya damu, zikikutana na adui zinayemjua, tuseme kipande cha mdudu wa TB, zinaamka na kuanza kutoa hii protini, inasambaa hapo jirani, na seli zilizoamka zenyewe ndo zinaidaka na kuanza kugawanyika, moja mbili, mbili nne, mpaka linakuwa jeshi. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, wazee walisema, na hapa mbiu ndo IL-2. Kuna familia nzima ya mbiu za namna hii, zinaitwa saitokini, kila moja na ujumbe wake, nyingine zinaita watu, nyingine zinatuliza watu, na huyu IL-2 ana kituko chake kwamba anafanya yote mawili, nitarudi huko.

Story ya alivyopatikana inanifurahisha kwa sababu inaanza na maharage. Mwaka 1976 kule Marekani, maabara ya Robert Gallo, yeye na wenzake Morgan na Ruscetti, walikuwa wanahangaika kukuza seli za aina nyingine kabisa kutoka kwenye uboho wa mifupa, wakawa wanazilisha majimaji yaliyotolewa na seli nyeupe zilizochokozwa kwa PHA. PHA ni nini? Ni protini inayotoka kwenye maharage mekundu, ile ile inayokufanya utapike ukila maharage ambayo hayajaiva vizuri, mama alikuwa sahihi kuyachemsha masaa. Basi wakategemea kuona seli walizozitaka, wakakuta sahani imejaa seli T, zinaishi, zinaongezeka wiki baada ya wiki, kitu ambacho hakikuwa kinawezekana kabla ya hapo. Maana yake kwenye yale majimaji kulikuwa na kitu kinazilisha. Wakakiita kirutubisho cha kukuza seli T, jina la intaleukini likaja 1979 kwenye mkutano Uswisi kwa sababu kila maabara ilishaanza kuwa na jina lake na watu walikuwa hawaelewani.

Na msije mkadhani ni mambo ya vitabuni tu hayo. Mwaka 1983 pale Institut Pasteur, Paris, kina Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier walipopata kipande cha tezi ya mgonjwa na kutafuta kirusi ndani yake, walizikuza zile seli kwa kutumia PHA pamoja na hiki kirutubisho. Bila seli T hai huwezi kumkamata kirusi anayeishi ndani ya seli T. Ndo alivyopatikana HIV. Kwaiyo kichupa hiki nilichokiita kitupu kinatudai deni kubwa sana hasa sisi wa upande huu wa dunia.

Shida ya enzi zile ilikuwa kuipata. Ilibidi uchukue damu za watu kibao au uzikuze seli za saratani kama zile za Jurkat, uzichokoze, uvune majimaji, uchuje, usafishe, mwisho wa siku unapata kidogo mno na kimechanganyika na saitokini nyingine kumi ambazo hujui ni zipi. Unaona matokeo, hujui nani kayaleta. Mwaka huo huo wa 1983 Tadatsugu Taniguchi na wenzake Japani wakaipata jeni yenyewe, kutoka kwenye hizo hizo Jurkat, na hapo mchezo ukabadilika: unachukua ile jeni ya binadamu, unaipachika kwenye plasmidi, yaani kijiduara cha DNA, unampa bakteria E. coli, unamlisha, na yeye bila kujua anakutengenezea protini ya binadamu mchana na usiku. Mbinu ile ile iliyotupa insulini ya kisasa. Ndo maana ya neno rikombinanti kwenye lebo, jeni imetolewa kwa mwenyewe ikaungwa kwa mwingine.

Ila E. coli si fundi wa kila kitu. Protini ya kigeni ikizidi ndani yake anaifinyanga madonge magumu yasiyofanya kazi, inabidi uyavunje kwa kemikali kali halafu uikunje protini upya taratibu, na hapo kuna mtego. Kati ya amino asidi zake, IL-2 ina sisteini tatu, namba 58, 105 na 125. Ya 58 na ya 105 zimeshikana mikono, ndo zinazoipa umbo. Ya 125 iko huru haina mwenzake, na ukiwa unakunja upya hii ya 125 inaenda kuingilia ndoa ya wenzake, unapata protini iliyojikunja vibaya, au inashika ya molekuli nyingine zinagandana. Mwaka 1984 watu wa kampuni ya Cetus kule California wakasema basi tuitoe, wakaweka amino asidi nyingine, serini, mahali pake, tatizo kwisha na kazi iko pale pale. Mi hii naipenda kuliko habari nyingi za sayansi, atomu moja ya salfa kupisha oksijeni na kiwanda kizima kinatembea. Toleo hilo ndo lililokuja kuwa dawa, Marekani wakaliruhusu 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa na 1998 kwa melanoma. Ila hiki cha kwetu kwenye friza si dawa, kimeandikwa kwa utafiti tu, na hayo maneno yana uzito, subirini.

Haya tuje kwenye uzembe wangu.

Tulikuwa tunafanya kazi ya TB. Watu kumi na wawili wamejitolea damu, mililita 40 kila mmoja, na mnajua damu ilivyo kwetu, ukimwomba mtu damu lazima akuulize mnaipeleka wapi, kuna mzee alikubali baada ya kuja mara tatu na mara ya tatu kaja na mkewe asikilize. Tunatenga seli nyeupe, tunaziweka na vipande vya protini ya TB, siku ya tatu na ya saba tunaongeza IL-2 ili zile chache zinazomjua mdudu zizaliane, siku ya tisa tunaziosha, siku ya kumi tunazipima kwenye sahani yenye visima 96 ambapo kila seli inayojibu inaacha doa. Visima vya kontroli, ambavyo havijawekewa chochote cha TB, vinatakiwa kuwa vyeupe au vidoa viwili vitatu vya bahati mbaya.

Protokoli ilisema IL-2 iwe 20 kwa mililita. Ishirini ya nini? Ilikuwa imeandikwa IU, yaani uniti za kimataifa. Mi kichwani nilikuwa na nanogramu maana saitokini nyingine zote tulizokuwa nazo wiki ile zilikuwa kwa nanogramu, nikasoma 20 nikaweka nanogramu 20, nikaweka siku ya tatu, nikaweka siku ya saba, najisikia fundi kabisa.

Siku ya kumi natoa sahani, madoa kila mahali. Kila kisima. Kontroli zimejaa madoa kama kanga, namaanisha ndege. Watu wote kumi na wawili, wenye TB ya kulala na wasio nayo, hamna tofauti, damu yote ile imeenda.

Bi Mkubwa hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alivuta kiti akasema, "Mwanangu, lete cheti cha kile kichupa." Kila kichupa kinakuja na cheti cha hiyo bechi yake na mi nilikuwa nimekiacha kwenye boksi, boksi liko stoo. Tukakitafuta. Kimeandikwa pale: milioni 10 za uniti kwa miligramu. Piga hesabu sasa, nanogramu moja ni uniti 10, kwaiyo nanogramu 20 ni uniti 200, nimeweka mara kumi ya kilichotakiwa.

Na mara kumi hapa si kama chumvi imezidi tu. Seli T iliyomtambua adui inaota kipokezi chenye vipande vitatu, alfa, beta na gama, hicho kinaidaka IL-2 hata ikiwa chache kabisa. Seli zingine, hasa hizi wanazoita NK, askari wa kinga wasiochagua adui mmoja, nyingi zina beta na gama tu, hazina alfa, kwaiyo zinahitaji IL-2 nyingi kama mara mia ndo zishtuke vizuri. Ukiweka kidogo, wanaosikia mbiu ni wale tu waliokwishaamka, ndo uzuri wa kipimo chenyewe. Ukiweka nyingi unakuwa umepiga mbiu kwa spika za harusi, mtaa mzima unaamka, wanaohusika na wasiohusika, na NK wakishaamka hawakuulizi TB iko wapi, wanamwaga interferoni gama, saitokini nyingine hiyo, hata baada ya kuoshwa, na kipimo chetu kilikuwa kinahesabu interferoni gama. Nanogramu 20 kwa mililita inaangukia pale pale ambapo hicho kipokezi cha vipande viwili kinaanza kukolea. Ningekuwa natafuta dozi ya kuharibu jaribio nisingeipata kwa usahihi ule.

Tangu siku ile nina ugomvi na nanogramu. Uzito unakwambia protini ipo kiasi gani, haukwambii inafanya kazi kiasi gani. Bechi mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na uzito sawa na nguvu tofauti, moja imekunjika vizuri nyingine robo yake imeharibika, mizani haijui. Uniti inapimwa kwa kazi yenyewe: wanachukua seli za panya zinazoitwa CTLL-2 ambazo bila IL-2 zinakufa, wanaangalia kiasi gani kinazifanya ziendelee kuishi, wanalinganisha na sampuli ya rejea ya Shirika la Afya Duniani ambayo inatunzwa Uingereza. Hata hapo zamani kila mtu alikuwa na uniti yake, uniti moja ya Cetus ilikuwa sawa na uniti sita za kimataifa, kwaiyo ukiwa unasoma karatasi ya miaka ya themanini ukaona "uniti 100" uliza kwanza za nani. Na hata ile ya dawa, miligramu 1.1 ni uniti milioni 18, ambayo si sawa na ya kichupa chetu. We soma cheti. Kila bechi.

Mambo mengine ya utunzaji nayapitia haraka. IL-2 haipendi maji ya kawaida, inapenda kugandana, kwaiyo nyingi unaziyeyusha kwanza kwenye asidi ya asetiki nyepesi, ile ile inayofanya siki iwe siki, halafu ndo unaichanganya na maji ya chumvi yenye protini ya kubebea, kama albumini ya ng'ombe. Kubebea nini? Plastiki. Protini ikiwa chache sana inajibandika kwenye kuta za kichupa, unafikiri unapipeti IL-2 kumbe IL-2 imebaki ukutani, sasa ukiweka albumini nyingi yenyewe ndo inajibandika na kumwachia mwenzake nafasi. Halafu gawa kwenye vijichupa vidogo vya kutumia mara moja, vyote friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, usigandishe na kuyeyusha mara mbili mbili. Sisi na umeme wetu huu kuna siku jenereta iligoma kuwaka usiku mzima, mlinzi akapiga simu saa nane, nikaja na bodaboda nimevaa kanzu ya kulalia ndani ya koti. Vijichupa viliganduka. Nilivitupa vyote kwa mkono wangu huku nahesabu uniti.

Kitu kimoja nisikiache ni endotoksini, maana hii inawadanganya hata wazoefu. Kumbuka protini imetengenezwa ndani ya bakteria, na ngozi ya E. coli ina mafuta yanayoitwa LPS ambayo seli zetu za kinga zinayachukia kuliko kitu chochote, monosaiti, aina moja ya seli nyeupe, zinayanusa kwa kiasi ambacho mizani yako haiwezi hata kukiona. Sasa ukisafisha vibaya, saitokini yako inakuja na uchafu wa bakteria, unaiweka kwenye seli, seli zinalipuka TNF, saitokini ya kuwasha moto wa kinga, unaandika ripoti kwamba saitokini fulani inaleta TNF kumbe umepima uchafu. Ndo maana kwenye cheti kuna mstari wa endotoksini, na njia iliyozoeleka ya kuipima ni kwa damu ya mnyama mmoja wa pwani ya mashariki ya Marekani, watu wanamwita kaa ila si kaa, ni ndugu wa buibui na nge, damu yake bluu na ikikutana na LPS inaganda hapo hapo. Mi nimekulia pwani nimekula kila kinachotembea kwenye tope la bahari, ila damu ya mnyama wa bahari kulinda maabara, hiyo sikuitegemea.

Nikisema saitokini nyumbani watu wanasikia neno kinga tu. Shangazi yangu alinisubiri mpaka watu wametoka sebuleni akaniambia, "Mwanangu, hiyo dawa ya kuongeza kinga mnayo huko, huwezi kuniletea kidogo? Kuna mtu CD4 zake zimeshuka." Nikamwambia shangazi, ile si dawa, haikutengenezwa ili iingie mwilini mwa mtu, hamna aliyehakikisha hilo. Akanuna. Lakini swali lake lina historia kabisa. Watu walishajaribu IL-2 ya dawa kwa wenye HIV, majaribio mawili makubwa, ESPRIT na SILCAAT, matokeo yalitoka 2009, watu 4,111 kwenye moja na 1,695 kwenye lingine. CD4 zilipanda kweli. Ila waliopata IL-2 juu ya ARV waliugua sawa tu na waliomeza ARV peke yake, na kufa walikufa sawa tu. Namba ilipanda, afya ikabaki pale pale, na madhara juu. Hata kwenye saratani, dozi kubwa inaweza kufanya mishipa midogo ya damu ivuje maji, presha inashuka, unahitaji kitanda cha hospitali na watu wanaokuangalia muda wote. Nilimwambia shangazi mwambie huyo mtu ameze ARV zake kwa wakati na arudi kliniki. Alinikatalia chai ya pili.

Nilisema huyu IL-2 ana mambo mawili, anaita watu na anatuliza watu. Shimon Sakaguchi wa Japani alionesha 1995 kwamba kuna kundi la seli T ambazo kazi yake ni kuzuia wenzake wasishambulie mwili wenyewe, na alama aliyozitambulia ilikuwa CD25, ambayo ndo kile kipande cha alfa cha kipokezi cha IL-2. Yaani walinzi wa amani ndo wenye masikio makali kuliko wote wa hii mbiu. Ukiweka kidogo sana unawalisha wao, kinga inatulia, ndo maana sasa watu wanajaribu dozi ndogo kwa magonjwa ya kinga kujishambulia. Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Nobeli 2025 kwa kazi ya hizo seli. Nilivyosoma ile habari nilimtumia Bi Mkubwa, akanijibu kwa neno moja: "Dozi."

Wale watu kumi na wawili tuliwarudia. Nilienda mwenyewe, nikawaambia ukweli kwamba kosa lilikuwa la maabara na si la damu yao, tisa wakakubali tena. Yule mzee akaniuliza kama safari hii nimejifunza kuhesabu. Nikamwambia ndio mzee wangu.

Kichupa kipya kimefika juzi. Cheti kiko ukutani juu ya friza, nimekibandika na selotepu. Bechi hii ni milioni 12 za uniti kwa miligramu, kwaiyo nanogramu moja ni uniti 12, na uniti 20 ni nanogramu 1.67 hivi. Nimepiga hesabu mara tatu kwa kalamu. Kesho asubuhi kabla sijafungua Bi Mkubwa anapiga ya nne.